Kilo Moja na Nusu ya Chumvi kwa Siku: Hesabu Iliyo Nyuma ya Lasix

Figo mbili za mtu mzima zikipimwa pamoja hazizidi sana gramu 300. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja ya uzito wake. Lakini katika lita tano za damu ambazo moyo husukuma kila dakika, lita moja na ushei huenda kwenye figo, na kutoka humo mililita 125 za majimaji huchujwa na kuingia kwenye mirija ya figo. Zidisha kwa dakika 1,440 za siku nzima, unapata lita 180. Majimaji yote ya damu, ukiondoa chembe zake, ni lita tatu hivi tu. Kwa hiyo majimaji yale yale hupita kwenye chujio mara 60 kwa siku.

Katika kila lita ya majimaji hayo mna milimoli 140 hivi za sodiamu. Lita 180 zina milimoli 25,200. Ukiigeuza sodiamu hiyo kuwa chumvi ya kupikia, inakaribia kilo moja na nusu, yaani pakiti tatu za nusu kilo zile zinazouzwa dukani, kila siku, kwa kila mtu. Anayekula gramu tisa za chumvi kwa siku hutoa karibu gramu tisa hizo hizo kwenye mkojo. Iliyobaki, zaidi ya asilimia 99, hurudishwa kwenye damu kabla mkojo haujafika kwenye kibofu.

Furosemidi, dawa ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa jina la Lasix, huivuruga hesabu hii mahali pamoja tu. Watu huiita dawa ya maji, na kweli maji hutoka, lakini inachokigusa ni chumvi. Maji huifuata chumvi. Asiyeijua hesabu hiyo anaweza kumeza vidonge miezi na miezi, miguu ikabaki imevimba, kisha akaamini kwamba dawa ni bandia au ugonjwa umeshindikana. Mara nyingi jibu limo katika vitu vitatu vinavyopaswa kuhesabiwa pamoja: kipimo cha dawa, saa ya kuinywa, na chumvi iliyomo kwenye sahani.

Robo ya chumvi yote, mahali pamoja

Kila figo ina nefroni zipatazo milioni moja. Nefroni ni chujio dogo lililounganishwa na mrija mwembamba, na mrija huo una sehemu nne zinazofuatana. Ya kwanza, iliyo jirani na chujio, hurudisha kwenye damu takribani asilimia 65 ya sodiamu iliyochujwa. Ya pili ni kitanzi kinachoshuka hadi ndani ya figo kisha kikapanda tena. Kinaitwa kitanzi cha Henle, kwa jina la Mjerumani Jakob Henle aliyekieleza mwaka 1862. Mkono wake mnene, ule unaopanda, hurudisha asilimia 25 hivi: milimoli 6,300 kwa siku, sawa na gramu 370 za chumvi. Sehemu ya tatu hurudisha asilimia 5 hadi 7, na mrija wa mwisho, unaokusanya mkojo, hurudisha asilimia 2 hadi 3.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini dawa isiilenge ile sehemu ya kwanza, yenye asilimia 65. Ipo inayoilenga, asetazolamidi, lakini mkojo wake si mwingi. Chumvi inayoachwa pale mwanzoni hufika kwenye kitanzi, na kitanzi kina nguvu ya kuibeba nyingi zaidi ya ile kinayobeba siku zote. Ukizuia mbele zaidi, kwenye sehemu ya tatu, kama zinavyofanya dawa za jamii ya thiazaidi zinazotumiwa sana kwa presha, unapata asilimia 3 hadi 5 tu ya sodiamu yote iliyochujwa, kwa sababu ndiyo iliyobaki.

Kitanzi kiko katikati ya hali hizo mbili. Kinabeba chumvi nyingi, na baada yake hakuna sehemu yenye uwezo wa kuiokota yote ikikwama. Ndiyo maana furosemidi na ndugu zake, bumetanidi na torasemidi, zinaweza kutoa kwenye mkojo asilimia 20 hadi 25 ya sodiamu iliyochujwa. Hakuna kundi jingine la dawa za kuongeza mkojo linalokaribia kiwango hicho.

Tuipime asilimia hiyo kwa saa. Kila dakika figo nzima huchuja milimoli 17.5 za sodiamu. Asilimia 20 yake ni milimoli 3.5 kwa dakika, sawa na 210 kwa saa, yaani gramu 12 za chumvi. Hicho ndicho kilele, na hakidumu, kwa sababu dawa hupungua kwenye mrija na mwili huanza kujitetea mara tu unapoona majimaji yanatoka. Hata hivyo, mtu mwenye afya akidungwa miligramu 40 kwenye mshipa hutoa milimoli 200 hadi 250 za sodiamu ndani ya lita tatu hadi nne za mkojo, katika muda wa saa tatu au nne. Siku ya kawaida angehitaji saa 24 au zaidi kuitoa chumvi hiyo.

Sodiamu moja, potasiamu moja, kloridi mbili

Tuusogelee ukuta wa mkono ule mnene. Umejengwa kwa safu moja ya seli. Upande mmoja wa seli unatazama mkojo unaopita, upande wa pili unatazama damu. Kwenye upande wa mkojo kuna protini inayoitwa NKCC2, ambayo wanasayansi waliweza kuitambua kwa undani mwaka 1994. Protini hii haisafirishi kitu kimoja kimoja. Husubiri mpaka nafasi zake zote nne zijae: sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili. Hapo ndipo hujigeuza na kuziingiza zote nne ndani ya seli kwa pamoja. Nafasi moja ikikosa mwenyewe, hakuna kinachopita.

Upande wa damu kuna pampu inayotoa sodiamu tatu kutoka kwenye seli na kuingiza potasiamu mbili, na kila mzunguko wake hutumia molekuli moja ya ATP, nishati ya seli. Pampu hii ndiyo inayoifanya seli iwe na sodiamu kidogo, ili ile protini ya upande wa pili iendelee kuvuta.

Tatizo ni potasiamu. Katika majimaji yaliyochujwa, kwa kila milimoli 140 za sodiamu kuna milimoli nne tu za potasiamu. Kama kila sodiamu ingeondoka na potasiamu yake, potasiamu ingekwisha mapema na kazi ingesimama. Seli imelitatua hilo kwa tundu dogo linaloirudisha potasiamu kwenye mkojo ili itumike tena. Kila inaporudi, inauacha upande wa mkojo ukiwa na chaji chanya kidogo. Chaji hiyo husukuma sodiamu nyingine, pamoja na kalisiamu na magnesiamu, zipenye katikati ya seli bila kugharimu ATP yoyote. Matokeo yake ni kwamba kwa kila ATP moja, sodiamu sita hivi hurudi kwenye damu: tatu kupitia ndani ya seli na tatu kupitia pembeni. Ubanaji matumizi huo una sababu. Kina cha figo ni mahali penye oksijeni haba: shinikizo lake ni milimita 10 hadi 20 za zebaki, wakati sehemu ya juu ya figo ina 50 hivi.

Furosemidi hukaa kwenye nafasi ya kloridi katika protini hiyo. Ikishakaa, zile nne hazitimii, na sodiamu hubaki kwenye mkojo. Chaji chanya hupotea pia, kwa hiyo kalisiamu na magnesiamu hubaki nyuma vilevile. Yote yanayofuata, mazuri na mabaya, yanaanzia kwenye nafasi hiyo moja.

Maumbile yenyewe yanauthibitisha mpango huu. Mwaka 1962 daktari Mmarekani Frederic Bartter alieleza ugonjwa wa nadra ambao mgonjwa hupoteza chumvi na potasiamu kwenye mkojo bila kukoma. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba aina mojawapo ya ugonjwa huo hutokana na hitilafu kwenye jini linalotengeneza protini hii hii. Mtoto mwenye hitilafu hiyo huzaliwa akiwa kama mtu anayepewa furosemidi usiku na mchana.

Kutoka 1,200 hadi 300

Kazi ya kitanzi haiishii kwenye kurudisha chumvi. Chumvi inayotolewa na mkono ule mnene hurundikana kwenye kina cha figo mpaka ukali wake unafika miliosmoli 1,200 kwa kilo ya maji, mara nne ya ukali wa damu, ambao ni 300 hivi. Ukali huo ndio unaovuta maji kutoka kwenye mirija ya mwisho na kuufanya mkojo uwe mzito mtu akiwa na kiu.

Mwili hutengeneza takataka na chumvi za kutoa zipatazo miliosmoli 600 kwa siku. Figo yenye uwezo wa kufikia 1,200 huzitoa zote kwa nusu lita ya mkojo. Kitanzi kikifungwa, ukali wa kina hushuka, na mkojo hukaribia 300. Mzigo ule ule wa 600 sasa unahitaji lita mbili, bado hujaongeza chumvi iliyozuiwa na dawa. Kwa hiyo furosemidi hutoa maji kwa njia mbili: chumvi iliyobaki kwenye mkojo inabeba maji yake, na figo inapoteza nguvu ya kuyarudisha.

Miligramu 40 zinazofika zikiwa 10

Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 40. Kikimezwa, kwa wastani nusu tu hufyonzwa na utumbo, lakini wastani huo unaficha tofauti kubwa: kuna anayefyonza asilimia 10 na kuna anayefyonza karibu yote. Tuchukue nusu, miligramu 20. Ndani ya damu zaidi ya asilimia 95 ya dawa hushikamana na protini ya albumini, kwa hiyo haiwezi kupita kwenye chujio la figo. Lazima ibebwe na visafirishi vilivyo kwenye sehemu ya kwanza ya mrija, viitoe kwenye damu na kuimwaga ndani ya mkojo. Nusu hivi hubadilishwa kikemia na figo yenyewe kabla ya kufanya kazi. Zinazofika kwenye kitanzi zikiwa salama ni kama miligramu 10.

Hesabu hiyo inaeleza mambo mengi ya wodini. Inaeleza kwa nini miligramu 20 za sindano huhesabiwa sawa na 40 za kumeza. Inaeleza pia kwa nini mgonjwa ambaye hata tumbo lake limevimba huandikiwa sindano: utumbo uliojaa maji huifyonza dawa polepole mno, na ingawa jumla yake haipungui sana, kilele chake hushuka.

Na kilele ndicho kila kitu, kwa sababu dawa hii ina kizingiti. Ikifika kwenye mrija chini ya kizingiti, karibu hakuna kinachotokea. Ikikivuka, mkojo huongezeka kwa kasi mpaka ufike dari, na juu ya dari kuongeza miligramu hakuongezi mkojo. Kama kizingiti cha mgonjwa ni miligramu 40, kumpa 20 asubuhi na 20 mchana si sawa na kumpa 40 mara moja. Hizo mbili za 20 zinaweza zisifanye lolote. Kanuni ya madaktari ni kutafuta kwanza kipimo kinachovuka kizingiti, kisha kuongeza idadi ya nyakati. Huo ni uamuzi wa daktari mwenye vipimo vya damu mkononi, kwa hiyo mgonjwa asijiongezee vidonge nyumbani.

Dawa za maumivu nazo ziwekwe kwenye hesabu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wengi hununua dukani bila cheti, hupunguza nguvu ya furosemidi na hukaza mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mgonjwa wa moyo anayezinywa kwa ajili ya goti anaweza kuona miguu inavimba upya huku akimeza Lasix yake kila siku bila kukosa.

Saa sita za kazi, saa 18 za kurudisha

Kidonge huanza kufanya kazi ndani ya saa moja, hufika kileleni kati ya saa ya kwanza na ya pili, na kazi yake huisha baada ya saa sita hadi nane. Sindano huanza ndani ya dakika tano na sehemu kubwa ya kazi yake huisha katika saa mbili hivi. Kwa anayemeza kidonge kimoja kwa siku, zinabaki saa 16 hadi 18 ambazo kitanzi kiko huru. Katika saa hizo figo hushika chumvi kwa bidii kuliko kawaida, kwa sababu mwili umehisi upungufu na umetoa homoni zinazoiamuru ifanye hivyo. Baada ya wiki kadhaa za matumizi, seli za sehemu ya tatu ya mrija nazo hunenepa na kurudisha chumvi zaidi. Kidonge kile kile hutoa mkojo kidogo kuliko siku ya kwanza.

Saa ina upande wa kibinadamu pia. Mtu anayesafiri kwa basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam anajua kwamba akimeza kidonge alfajiri atahitaji choo kila baada ya muda mfupi, na basi halisimami kila anapotaka. Wengi huamua kutomeza kabisa siku hiyo. Wanaofunga Ramadhani hukabiliwa na swali linalofanana na hilo: mkojo mwingi mchana bila maji ya kunywa. Kwa wengi inawezekana kusogeza saa ya kidonge bila kukiruka, na daktari anaweza kulipanga hilo mapema akiulizwa. Kuruka siku moja kunaiachia figo saa 24 nzima za kushika chumvi bila kizuizi.

Sahani ndiyo inayoamua

Lita moja ya maji ya uvimbe ina milimoli 140 hivi za sodiamu, sawa na gramu nane za chumvi. Mtu aliyevimba kwa lita tano amebeba milimoli 700 za ziada. Ili apungue kilo moja kwa siku, mkojo wake lazima utoe milimoli 140 zaidi ya anazokula, ukiacha kidogo kinachotoka kwa jasho na choo.

Gramu moja ya chumvi ina milimoli 17 za sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, ambazo hazijazi kijiko cha chai. Wastani wa dunia ni karibu gramu 11. Sasa tuchukue mfano wa mgonjwa ambaye kwa msaada wa dawa hutoa milimoli 250 kwa siku. Akila gramu tano za chumvi, ameingiza 85. Anabaki na faida ya 165, na uvimbe unapungua kwa lita moja na zaidi. Akila gramu 10, ameingiza 171. Faida ni 79, na uvimbe unapungua kwa nusu lita tu. Akila gramu 15, ameingiza 257. Hapungui hata kidogo. Atakojoa sana, atachoka kwenda chooni, na miguu itabaki vile vile.

Tofauti kati ya gramu tano na 10 ni milimoli 86 kwa siku. Kwa wiki ni 600, yaani zaidi ya lita nne za uvimbe. Kwa mfano huu, kupunguza chumvi kwa nusu kuna thamani kubwa kuliko mabadiliko mengi ya dawa, na hakuhitaji foleni wala cheti.

Chumvi hiyo haiko kwenye kijiko peke yake. Iko kwenye ng'onda na dagaa waliohifadhiwa kwa chumvi, kwenye kipande kidogo cha kiungo cha mchuzi ambacho sehemu kubwa ya uzito wake ni chumvi, kwenye mkate na kwenye achari. Iko hata kwenye magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi, kwani magadi ni chumvi ya sodiamu ingawa ulimi hauisikii sana. Mgonjwa akiambiwa tu "punguza chumvi" anaweza kuacha kuongeza chumvi mezani, akaendelea kula vyote hivi na kuamini kwamba ametii.

Gharama ambayo mwili unalipa

Chumvi iliyozuiwa kwenye kitanzi hufika kwa wingi kwenye mrija wa mwisho. Huko, sodiamu inaporudishwa, potasiamu hutolewa badala yake. Mwili wa mtu mzima una milimoli 3,500 hivi za potasiamu, lakini asilimia 98 ziko ndani ya seli. Kwenye damu kiwango cha kawaida ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na kikishuka chini ya hapo misuli hulegea na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ndizi mbivu moja ina milimoli 10 hivi, kwa hiyo ndizi husaidia, ila haziwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha damu.

Magnesiamu nayo hupotea, kwa sababu zaidi ya nusu yake hurudishwa kwenye mkono ule mnene kwa kutumia ile chaji chanya iliyofutwa na dawa. Magnesiamu ikiwa chini, potasiamu hukataa kupanda hata mgonjwa akipewa vidonge vyake. Asidi ya yuriki huongezeka kwenye damu, na wenye gauti huamka na kidole gumba cha mguu kinachowaka. Mkojo ukitoka kupita kiasi, presha hushuka, kizunguzungu huja, na figo zenyewe hukosa damu ya kutosha.

Sikio la ndani lina protini inayofanana sana na ile ya kitanzi. Vipimo vikubwa vikisukumwa haraka kwenye mshipa vinaweza kudhuru usikivu, ndiyo maana kasi ya kudunga kipimo kikubwa haitakiwi kuzidi miligramu nne kwa dakika. Miligramu 200 zinahitaji dakika 50 kwenye dripu. Muuguzi anayesubiri dakika hizo zote analinda masikio ya mgonjwa wake.

Kwa sababu hizi zote, kuitumia dawa hii ili kupunguza uzito ni hatari bila faida. Kilo zinazotoka ni za maji na chumvi, mafuta hayaguswi, na siku mbili baadaye zimerudi.

Figo ikiwa mbovu: 210 inakuwa 25

Mgonjwa ambaye figo zake huchuja mililita 15 kwa dakika badala ya 125 anapata hasara mara mbili. Kwanza, dawa inayofika kwenye mrija ni asilimia 10 hadi 20 tu ya ile inayofika kwa mtu mwenye afya, hivyo kipimo cha sindano kinaweza kulazimika kufika miligramu 160 hadi 200 ili kivuke kizingiti. Pili, hata kikivukwa, chumvi ya kuzuiwa ni kidogo. Saa nzima figo hizo huchuja milimoli 126 tu za sodiamu. Asilimia 20 yake ni 25, ambapo figo nzima zingetoa 210. Kipimo ni mara nne hadi tano, mavuno ni chini ya moja ya nane. Kwa mgonjwa huyu kupunguza chumvi kwenye chakula ni nusu ya tiba.

Kinachopaswa kupimwa

Je, dawa mpya zaidi ya kundi hili ingetatua tatizo? Nchini Marekani, utafiti uitwao TRANSFORM-HF, uliochapishwa mwaka 2023, ulilinganisha torasemidi na furosemidi kwa wagonjwa 2,859 waliokuwa wamelazwa kwa ajili ya moyo kushindwa kufanya kazi. Waliofariki walikuwa asilimia 26.1 upande wa torasemidi na 26.2 upande wa furosemidi. Utafiti mwingine, DOSE, wa mwaka 2011, wenye wagonjwa 308, ulilinganisha sindano za vipindi na dripu ya mfululizo. Haukuona tofauti ya maana. Furosemidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1966 na sasa inayotengenezwa na viwanda vingi, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mgonjwa wa huku, dawa ya bei ya chini tayari ndiyo dawa inayofaa.

Kinachobadilisha matokeo ni kupima kama imefanya kazi. Madaktari wa moyo wa Ulaya wanashauri mkojo upimwe mapema baada ya sindano ya kwanza. Baada ya saa mbili, sodiamu kwenye mkojo ikiwa chini ya milimoli 50 hadi 70 kwa lita, au mkojo ukiwa chini ya mililita 100 hadi 150 kwa saa katika saa sita za mwanzo, kipimo kiongezwe maradufu siku hiyo hiyo. Hospitali isiyo na maabara ya sodiamu ina mfuko wa mkojo wenye alama za mililita na saa ukutani. Muuguzi akiandika kiasi cha mkojo kila saa, daktari ana nusu ya jibu kabla ya mchana. Mfuko ukimwagwa bila kuandikwa, siku nzima ya kitanda imelipiwa bila mtu kujua kama kizingiti kilivukwa.

Nyumbani kipimo ni mizani. Kupima uzito kila asubuhi, baada ya kukojoa na kabla ya kula, huonyesha maji yanayorudi kabla viatu havijaanza kubana. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, hayo ni maji, na mgonjwa awasiliane na kliniki yake bila kusubiri tarehe ya kadi.

Hili lina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya umri wa wanaougua. Katika utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi walikuwa na wastani wa miaka 55, na kwa asilimia 45 yao chanzo kilikuwa presha. Utafiti wa nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, uliochapishwa mwaka 2012 na wenye wagonjwa 1,006, ulipata wastani wa miaka 52. Hao ni watu wanaosomesha watoto, wanaolima na kufanya biashara. Wanastahili zaidi ya kukabidhiwa vidonge na kuambiwa warudi mwezi ujao. Waelezwe kizingiti, saa na gramu za chumvi kwa lugha wanayoielewa, wapewe mizani au mahali pa kupimia, na waulizwe wanachokula kabla ya kuongezewa miligramu. Maelezo hayo hayahitaji bajeti mpya. Yanahitaji dakika tano za mhudumu anayeamini kwamba mgonjwa wake anaweza kufanya hesabu hii.